Baba Anapanda Minazi

Siku waliyokuja wanawake wa kina Msabah kunitazama, nyumbani kwetu Kajificheni hamkuwa na hata chembe ya sukari.

Ilikuwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwaka wa sabini na moja. Sukari siku hizo ilikuwa kitu cha kungojewa. Mtu akisikia imekuja dukani huacha chungu motoni akakimbilia foleni, na akifika mbele sukari imekwisha, akirudi nyumbani chungu nacho kimeungua. Yetu sisi tuliimaliza Ramadhani kwenye uji wa futari, tukawa tunakunywa chai kwa tende. Kwa watu wa nyumbani hayo hayana aibu. Lakini wageni wa kumtazama mchumba ni wageni wengine kabisa. Hao huandaliwa kitu kitamu, nao hawaji kula tu. Kula kwao ndiyo maneno yao. Wakila wakamaliza, msichana amependwa. Wakionja wakaweka kando, wakaaga kwa heshima zote, basi shangazi mtu hana haja ya kuuliza jibu.

"Tutawapa nini, Tabia?" shangazi aliniuliza asubuhi ile, anakuna nazi. "Chai ya chumvi?"

Shangazi yangu, Bi Mwanapili, ndiye aliyenilea mjini tangu mama yangu alipofariki. Ni dada yake baba, tumbo moja, ijapokuwa ukimwona na buibui lake la hariri na miwani yake usingedhani kwamba kazaliwa Mangapwani kwenye nyumba ya makuti.

"Ntawafanyia aiskrimu," nilimwambia.

"Kwa sukari ya nani?"

"Kwa asali ya baba."

Shangazi aliacha kukuna. Akatazama mlangoni kwanza, kama kwamba kina Msabah, watu wa Kiponda, wanaweza kutusikia kutoka kwao.

"Asali sawa," akasema, sauti kaishusha. "Lakini ni asali tu. Umenifahamu? Asali, ukakomea hapo. Na ukiulizwa neno, usijibu. Leo mimi ndiye mdomo wako. Wewe kazi yako kuinamisha kichwa na kupendeza."

Nilimfahamu vizuri. Baba yangu, Ame Jecha, alikuwa mgema. Kila alfajiri aliparamia minazi yake na kotama kiunoni, kile kisu kipana cha wagema, akashusha vibuyu vya tembo tamu, yale maji meupe yanayodondoka kwenye karara la mnazi likikatwa ncha. Tembo tamu likiachwa juani huchacha, likawa lile tembo kali wanalolitafuta walevi. La baba halikupata kuliona jua. Alikuta moto umeshawaka, akalimimina chunguni lingali bichi, akakaa nalo, anachochea kuni na kuengua povu, mpaka likapungua likawa zito, rangi yake kama buni iliyokaangwa. Hiyo ndiyo asali ya tembo. Alikuwa akiniletea kwa gari la shamba, chupa kaifunga kitambaa shingoni kama mtoto mwenye kikohozi.

Mjini hapo neno tembo lilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo haikuingizwa kwenye nyumba ya watu wanaosali.

Aiskrimu haitaki haraka. Maziwa yalikuja mapema, ya ng'ombe wa Chukwani, bado yana povu. Niliyateleka kwa moto mdogo pamoja na hiliki niliyoipasua kwa meno, nikakaa nayo kitako, mwiko hautoki chini ya sufuria, maana maziwa yakishika chini mara moja tu yanaingia harufu ambayo hata waridi haliiondoi. Yalipopungua na kuwa mazito niliyaepua nikayaacha yapoe. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Asali ya tembo haitiwi kwenye maziwa ya moto. Ukiitia, maziwa yanakatika, yanafanya mabonge, na huna tena la kufanya ila kuwapa paka. Unangoja mpaka kidole kikae ndani bila kulalamika, ndipo unaimimina asali, nyembamba kama uzi, huku unakoroga. Nikaongeza tui la kwanza la ile nazi ya shangazi na chumvi kidogo ya kuamsha ladha.

Nikaonja. Utamu wa sukari nyeupe huruka ulimini mara moja, na mara moja hukuaga. Utamu wa asali ile unakuja polepole, unakaa, na nyuma yake una moshi kidogo wa kuni za mkaratusi. Nilipouonja nilimwona baba kachuchumaa mbele ya chungu chake.

Ndoo ya kuzungushia niliiazima kwa Banu, jirani yetu wa ghorofa ya juu. Ilikuwa ndoo ya mbao, ndani yake mkebe wa bati, na juu mkono wa chuma.

"Wao wakikataa," Banu aliniambia akinipa, "mimi takula yote. Posa mimi siwezi, lakini kula naweza."

Palibaki barafu, na barafu ilikuwa kazi ya Msabah.

Msabah alifanya kazi kiwanda cha barafu, karibu na bandari. Huko ndiko tulikojuana, siku nilipotumwa kununua barafu ya sharubati ya harusi ya jirani. Nilitaka pande dogo, akanikatia kubwa, nikamwambia hilo sikuliomba, akanijibu kwamba dogo lingeyeyuka kabla hajashiba kunitazama. Maneno ya kipuuzi, lakini nilitembea nayo mpaka nyumbani na mkono wangu wenye barafu haukusikia baridi.

Baada ya adhuhuri nikasikia hodi mlango wa uani.

"Karibu," nilisema. "Lakini miguu yako iishie hapo hapo. Shangazi yuko juu, hajamaliza uradi wake wa baada ya sala."

Akaingia na gogo la barafu begani, limefungwa gunia na maranda. Shati limemlowa upande mmoja. Alilitua, akaanza kulivunja kwa kinyundo, vipande vinaruka, nami nachukua navipanga kuzunguka mkebe, safu ya barafu, safu ya chumvi ya mawe. Mikono yetu ikakutana ndani ya ndoo. Wa kwake ulikuwa wa baridi na haukuondoka upesi.

"Umevaa nguo ya mauwa," alisema.

"Hii ya jikoni. Ya kutazamwa iko kabatini."

"Basi mimi nimetazama kabla yao."

Nikampa aonje ncha ya mwiko, ilhali bado haijaganda. Akafumba macho. Alikuwa na kope ndefu, Msabah, na alipofumba macho nilipata nafasi ya kumwangalia bila yeye kujua.

"Tabia," akasema, "kwa hii, mama atakuposa yeye mwenyewe."

"Akipenda."

"Atapenda. Ila wakikuuliza, waambie asali ya nyuki."

Mwiko ukanisimama mkononi.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Watu wa mjini wanaijua hiyo."

"Baba yangu si nyuki, Msabah."

Akacheka. Mimi sikucheka, na kicheko chake kikakosa mwenzake, kikafa.

"Mamako umemwambia baba yangu anafanya kazi gani?"

Akashika tena kinyundo, akapiga barafu ambayo ilikuwa tayari imeshavunjika.

"Nimemwambia kweli tupu. Nimemwambia anapanda minazi."

"Naye akafahamu nini?"

Maji ya barafu yakatiririka sakafuni.

"Akafurahi," alisema mwisho. "Akasema, alhamdulillahi, mtu mwenye shamba lake."

Basi hapo ndipo nilipolijua neno lilivyo na nyuso mbili. Mtu hupanda mnazi kwa jembe, akaufukia, akaunywesha maji. Na mtu huupanda mnazi kwa mikono na miguu, kifua kimekwaruzwa na magome. Neno ni lile lile moja, na Msabah wangu alilichukua akampelekea mamake bila ya kumwambia ni lipi.

"Sikusema uongo," akasema.

"Hukusema. Ulilituma neno likusemee, wewe umekaa pembeni."

"Tabia, humjui mama. Akisikia mgema, hata ngazi hizi hazipandi. Tuoane kwanza. Akishakuzoea, ntamwambia mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Ukizaa."

"Na siku ya harusi baba utamweka wapi? Nyuma ya mlango?"

"Atakaa mbele na wazee wenzake. Nani atamjua?"

"Mikono yake itajulikana. Atakaponyoosha kupokea kahawa, viganja vyake vitasema. Utampa glavu?"

Akaja karibu, karibu kuliko inavyofaa, akasema kwa sauti ambayo siku nyingine ingenimaliza:

"Nnakupenda. Nnaogopa kukukosa, ndiyo nkasema vile."

"Nnajua unanipenda," nilimwambia. "Usingekuwa unanipenda isingeniuma. Nenda kazini, Msabah. Chumvi inakula barafu."

Alikwenda, kageuka nyuma mlangoni, mimi nimeshainama. Nikaushika ule mkono wa chuma nikazungusha. Hasira ni nzuri kwa aiskrimu. Nilizungusha mpaka mkono ukawa mzito, mpaka mkebe ukaganda nje theluji, na nilipoufunua, ndani mlikuwa na kitu laini, rangi ya ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Baada ya alasiri wageni wakabisha. Walikuja wawili. Mbele Bi Biasha, mamake Msabah, mwembamba, amenyooka, macho yake yanahesabu vumbi. Nyuma yake dada yake mkubwa, Bi Hija, mnene, anatweta, kila ngazi anaisemesha.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Ngazi zenu hizi," Bi Hija alisema akijitupa kwenye busati, "zinataka mtu aje na futari yake njiani."

Shangazi akawakaribisha, wakaulizana hali, watoto, baridi yabisi, nani kazaa, nani kafiwa. Mimi nimekaa pembeni, kanga mpaka usoni, kichwa chini kama nilivyofundwa. Kisha nikaenda kuleta aiskrimu kwenye bakuli za kioo za shangazi.

Bi Biasha alionja kwa ncha ya kijiko. Akatulia. Akaonja tena, mara hii kijiko kizima.

"Bi Mwanapili, sukari mmeipata wapi nyinyi?"

"Haina sukari hiyo, dada. Ni asali."

"Ya nyuki?"

"Ya shamba," shangazi alijibu. "Imetoka kwa babake."

"Enhe, Msabah katwambia." Bi Biasha akachota tena, uso wake umefunguka kidogo. "Ati babake anapanda minazi."

"Anapanda."

"Mingi?"

"Mingi, wala hahesabu," shangazi alisema, na mguu wake ukaugusa wangu chini ya kanga.

Bi Hija akanigeukia, kijiko mkononi.

"Mwacheni mtoto naye aseme, tujue kama si bubu. Mwanangu, babako bado anaendelea kupanda, au keshamaliza?"

"Anaendelea, bibi. Kila siku, asubuhi na jioni."

"Kila siku?" Bi Hija akacheka mpaka busati likatikisika. "Basi shamba hilo sasa limefika Nungwi."

Wakacheka wote. Bi Biasha naye alicheka, akasema, "Afadhali mtu mwenye bidii," na shangazi akacheka kwa kupumua. Nami nilisikia kile kicheko kinavyomkanyaga baba yangu bila wenyewe kujua. Walikuwa wanamsifu mtu mwingine, mwenye shamba, asiyekuwepo duniani, na asali wanayoila ni ya yule aliyepo. Aiskrimu ilikuwa imebaki kidogo tu kwenye bakuli ya Bi Biasha. Ningenyamaza kidogo, ningekuwa nimeolewa.

Nikainua kichwa.

"Hapandi chini, mama. Anapanda juu. Baba yangu ni mgema."

Kijiko cha Bi Biasha kilisimama njiani. Akakishusha taratibu ndani ya bakuli, akaisukuma bakuli mbele.

"Na hii?"

"Ni asali ya tembo."

"Umetulisha tembo."

"Nimekulisheni asali, mama. Tembo tamu limepikwa lingali bichi, halikupata kuchacha. Hata zabibu za kwenye pilau zingeachwa zichache zingekuwa mvinyo, na hakuna anayezitoa sahanini."

"Hilo kweli," Bi Hija alisema. "Mimi huzitafuta." Kijiko chake yeye ndicho pekee kilichokuwa bado kinafanya kazi.

"Dada, tafadhali," Bi Biasha akamwambia, kisha akanirudia mimi. "Na lile kali haliuzi, babako? Sema kweli."

Shangazi akafungua mdomo, nikamtangulia.

"Aliliuza, mama. Babu aliliuza, na yeye akaliuza. Siku moja kasimama msikitini kusali, mtu aliyekuwa ubavuni pake kasikia harufu ya tembo, akasogea. Kidogo tu, kama anayempisha nzi. Baba alisali, akarudi nyumbani, hakumwambia mtu. Toka siku hiyo kila tone hulipika. Wenziwe wanamcheka, wanasema anaunguza kuni nyingi kwa chupa moja. Naye huwajibu kwamba kuni ni zake."

Chini njiani mtu aliuza pweza, sauti yake ikapanda mpaka kwetu, ikapita.

"Msabah anayajua haya?" Bi Biasha aliuliza.

"Anayajua."

"Akanambia anapanda minazi."

"Neno lake lilikuwa la kweli, mama."

"Nawe ungeweza kuliacha lilivyo. Ungenyamaza, leo tungemaliza. Kwa nini hukunyamaza?"

Nikaiondoa kanga usoni, nikamtazama.

"Ningenyamaza leo, ningenyamaza umri wangu wote. Baba angekuja kunizuru kwenu ningemwambia afiche mikono. Mimi sitaki afiche. Kwa hiyo, mama, mkitaka kusogea sogeeni leo, ningali kwa shangazi yangu. Msije mkanisogea nikishakuwa ndani."

Nilingoja shangazi anitie adabu. Badala yake alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akairudisha usoni.

"Mgema huyo ni kaka yangu," alisema. "Buibui langu la kwanza la mjini lilitoka juu ya mnazi. Sikuwahi kulisema hilo mbele za watu wa Kiponda. Sasa nimelisema."

Bi Biasha akasimama. Akajitanda buibui lake, akaliweka sawa mabegani, polepole, kama mtu anayejipa nafasi. Bakuli yake haikuwa imemalizwa. Mimi niliitazama ile bakuli tu. Nilijiambia, Tabia, usilie mpaka washuke ngazi.

Alipofika mlangoni akasema bila ya kugeuka:

"Hapa mimi sileti posa."

"Sawa, mama," nilisema.

"Posa haipelekwi kwa shangazi mtu, na baba yu hai." Hapo ndipo alipogeuka. Macho yake yalikuwa makali kama alipoingia, lakini yalinitazama mimi, hayakulitazama vumbi. "Nyumba yangu imejaa watu wanaonambia ninalotaka kulisikia. Wa kwanza wao ni mwanangu. Naona mmoja wa namna nyingine hatanidhuru. Mpelekee habari babako, Ijumaa ya wiki ijayo tutafika Mangapwani na wazee wetu. Na awe nyumbani. Asiwe juu ya mnazi."

"Na hiyo iliyobaki," Bi Hija alisema akinyanyuliwa na shangazi, "nitilieni kwenye mkebe. Mimi sina nguvu ya kuzishuka ngazi hizi mikono mitupu."

"Huyo Msabah," Bi Biasha akasema, "leo ntamsemesha."

"Msabah niachieni mimi, mama."

Bi Hija akamgusa dada yake kwa kiwiko. "Umesikia? Hata pete hajavaa."

Msabah alikuwa pembeni ya njia, kajibanza karibu na duka la fundi viatu. Aliwaona wanawake wa kwao wanatoka, hakuthubutu kuwauliza. Walipokwisha pita alikuja chini ya dirisha letu, akainua uso.

"Wamesemaje?"

"Muulize mamako."

"Na wewe unasemaje?"

Nilitamani kusema mengi. Uso wake ulikuwa umenyauka kwa wasiwasi, na mimi uso huo nilikuwa nikiuota. Lakini nilimwambia:

"Mimi sina la kusema mpaka ukaseme wewe. Na usije ukalisema hapa. Nenda ukaliseme kule unakokuonea haya."

Nikafunga dirisha.

Kabla ya Ijumaa ya posa ilikuwapo Ijumaa nyingine, na hiyo nilikwenda Mangapwani kumpa baba habari. Alinisikiliza akinoa kotama yake. Nilipomaliza aliuliza tu, "Mama huyo aliila yote?" Nikamwambia alibakisha kidogo. Akasema, "Basi alipenda, mwenye adabu hubakisha," akaenda zake kwenye minazi. Mimi nikabaki uani nachochea moto, chungu kinangoja.

Kutoka pale uani unaiona njia yote, inavyopita mbele ya baraza ya kahawa na kuingia minazini. Gari la pili la asubuhi lilisimama, akashuka mtu mmoja, kanzu nyeupe ya Ijumaa, kofia mpya. Nilimjua kwa mwendo. Aliwasalimu watu wa barazani, akauliza kitu, wakamwonyesha juu.

Akaenda mpaka kwenye shina la mnazi, akasimama, akainua kichwa.

"Shikamoo, baba," akasema kwa sauti kubwa.

"Marahaba," baba alijibu kutoka kileleni. "Nani huko?"

"Msabah wa Kiponda. Anayemtaka Tabia."

"Ndiye wewe uliyesema mimi napanda minazi?"

"Ndiye mimi, baba. Nimekuja kuomba radhi. Ilinipasa kusema mgema, nkaona haya."

Waliokuwa barazani waliacha kunywa kahawa. Kule juu hapakusikika ila kotama inakata ncha ya karara, kata, kata, bila haraka.

"Nna kazi," baba alisema mwisho. "Ngoja nimalize."

Na Msabah akangoja. Jua lilimpata, kanzu ikaanza kumgandia mgongoni, vumbi la magome likamwangukia kofia, hakusogea. Baba aliteremka na kibuyu kimejaa. Alimtazama kijana, akaitazama kanzu yake, akampa kibuyu.

"Kipeleke nyumbani. Moto umeshawaka. Mimi bado nna minazi mingine."

Msabah akakipokea kwa mikono miwili. Ilimbidi apite tena mbele ya baraza, kwani njia ni hiyo moja. Alitembea kwa uangalifu, tembo linamwagika kidogo kidogo kwenye mikono ya kanzu yake nyeupe, na mzee mmoja wa pale, mwenye mzaha, akamwuliza:

"Kijana, Ijumaa hii yote, umebeba nini?"

Msabah akasimama. Angeweza kusema maji. Angeweza kusema asali.

"Tembo," akajibu, na sauti yake niliisikia mpaka jikoni. "La baba mkwe wangu."

Sikungoja aingie uani. Nilitoka nilivyo, kanga ya jikoni, masizi mikononi, nikamkuta pale pale mbele ya baraza. Nikakishika kibuyu upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, tukaenda nacho pamoja, watu wote wakitutazama.